APOLO KIVEBULAYA, MTUMISHI ALIYERUDI BOGA

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa zamani tumekwisha kusoma juu ya watu wengi. Leo tunataka kumkumbuka mzee mmoja ambaye hakuzaliwa katika inchi yetu ya Kongo, lakini kaburi lake liko kwetu, katika udongo wa Boga, jimbo la Ituri. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Yeye ndiye aliyeweka msingi wa Kanisa la Anglikana katika Kongo. Watoto wetu wengi wanalisikia jina hili lakini hawajui habari zake. Tena wako watu wanaofikiri kwamba Injili ililetwa Ituri na mzungu. Sivyo. Ililetwa na Mwafrika aliyebeba jembe mkononi.

1. Kuzaliwa kwake na ujana wake

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alizaliwa pacha, na ndiyo maana alipewa jina la Waswa, jina ambalo Waganda wanampa mtoto mwanamume aliyetangulia kutoka tumboni. Ndugu yake aliyemfuata aliitwa Kato.

Ujana wake haukuwa ujana wa mtakatifu, na yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo. Inasimuliwa kwamba alikaa kwa mganga ili ajifunze kazi yake, akaona udanganyifu ulioko ndani yake, moyo wake ukachoka. Alivuta bangi. Alifuata dini ya Waislamu kwa muda. Miaka ile Buganda ilikuwa inapasuka: mwaka 1888 mfalme Mwanga aliondolewa kitini, na watu wa dini mbalimbali wakashika silaha wao kwa wao. Waswa naye aliingia katika vita hivyo kama vijana wenzake, leo upande huu, kesho upande ule.

Lakini kulikuwa na neno lililobaki ndani yake. Alikuwa amemsikia Alexander Mackay, mwalimu na fundi wa kutoka Scotland, aliyefika Buganda mwaka 1878 na kufa mwaka 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa. Mafundisho ya mtu yule yalikaa moyoni mwa kijana sawa mbegu inayongoja mvua. Mwaka 1891 Waswa alikwenda upande wa Toro pamoja na msafara wa kapiteni Lugard. Huko aliiona kwa macho yake milima ya Ruwenzori. Hakujua bado kwamba maisha yake yote yatakuwa kwenda na kurudi kando ya milima ile.

Aliporudi Buganda alianza kujifunza kusoma kwa bidii, akaingia katika mafundisho ya ubatizo. Mwezi wa Januari 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Na jina la Kivebulaya je? Watu ndio waliomwita hivyo, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Sababu ni hii: alikuwa na koti jekundu la askari, naye alipenda kulivaa juu ya kanzu yake nyeupe. Watu wakacheka, wakampa jina. Basi angalieni, wapendwa, jinsi jina la mzaha linavyoweza kugeuka kuwa jina la heshima. Mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya alipeleka habari za Kristo kwa namna ya Kiafrika kuliko wengi waliokuja kwa meli.

Mke wake alikufa mapema. Hakuoa tena. Aliona kwamba kazi aliyoitiwa itamtaka mtu asiye na mzigo mwingine mabegani.

2. Jembe

Mwaka uleule wa 1895 Kanisa lilimtuma Toro kuwa mwalimu. Ngambo ya mto Semliki, penye vilima vinavyotazama msitu mkubwa wa Ituri, palikuwa na utawala mdogo wa Wahema, na sultani wao aliitwa Tabaro. Mahali pale ni Boga. Mwaka 1896 walimu wawili Waganda, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walitangulia kwenda huko. Walianza vizuri, lakini kukatokea matata ya chakula. Kwa desturi ya kwao mwalimu hulishwa na watu anaowafundisha. Tabaro naye akaona si kazi yake kulisha wageni. Wakitaka kula, walime. Walimu waliona kulima ni kushushwa heshima. Njaa ikawashika, wakarudi.

Ndipo Apolo akaombwa aende mahali pao. Akakubali. Lakini kabla ya kuondoka alijipatia jembe. Ndugu zangu, jembe lile ni mahubiri makubwa. Apolo alielewa kwamba si Injili iliyofukuzwa Boga, ni mikono mitupu iliyofukuzwa. Mtu anayekuja kwako akiwa na jembe lake, utamfukuza kwa neno gani? Hadaiwi chakula na hawezi kufungwa kwa njaa.

Alifika Boga mwezi wa Desemba 1896. Akafyeka, akalima, akapanda, akala jasho lake. Jioni na asubuhi alifundisha watu kusoma. Watu wachache walianza kuja, kisha wakaongezeka, na katika mwaka uliofuata wa kwanza wao walikuwa wakijiandaa kwa ubatizo.

3. Mkuki katika majani

Tabaro hakufurahi. Kwanza alidhani ni mwalimu tu wa kusoma, lakini akaona mafundisho yanagusa mambo ya nyumbani kwake: pombe, hirizi, wingi wa wake. Mfalme anayeona watu wake wanasikiliza sauti nyingine hawezi kulala vizuri. Akakataza watu wasimsaidie Apolo. Nyumba ya sala ikachomwa moto. Apolo mwenyewe alipigwa vibaya na watu wa sultani, akaachwa kama maiti katika majani marefu. Mwanamke mmoja ndiye aliyemkuta, akamtunza kwa siri mpaka akapona. Jina lake halitajwi sana katika vitabu, lakini bila mama yule hatungekuwa na habari ya kuandika leo. Tukihesabu wachungaji wa Boga, tusimsahau mama wa majani.

Baada ya hayo likatokea jambo zito kuliko fimbo. Wakristo walikuwa wakikata majani kwa ajili ya kujenga nyumba ya Mungu. Katika majani palikuwa na mkuki wa Apolo. Dada ya Tabaro, aliyekuwa pamoja na wajenzi, alianguka juu ya mkuki ule, akafa.

Tufikiri kidogo, wapendwa. Mgeni, asiyetakiwa na sultani, na mkuki wake umeua dada ya sultani. Nani angesadiki kwamba ilikuwa bahati mbaya? Tabaro alimshitaki kwamba ameua. Apolo akakamatwa, akapelekwa mpaka Toro mbele ya serikali ya Waingereza, akafungwa minyororo, akatiwa gerezani. Kazi yake ya Boga ilionekana imekwisha. Na jambo linaloumiza zaidi ni hili: mtu alikuwa amekufa kweli, na ule mkuki ulikuwa wake kweli. Hakuwa na kosa, lakini hakuweza kusema kwamba hakuna damu.

4. Ono la gerezani

Ni katika siku zile za mwaka 1898, katika giza na uzito wa moyo, ndipo Apolo alipopata ono lililobadilisha maisha yake. Alimwona Yesu Kristo akimtokea, mwanga wake ukiangaza kama jua. Bwana akamtia moyo, akamwambia asiogope, maana Yeye yuko pamoja naye. Apolo aliisimulia habari hii muda wa maisha yake yote, kwa maneno machache, bila kuiongeza chumvi. Alisema tangu siku ile alipohubiri watu walisikiliza, na woga ukamwacha.

Sisi katika makanisa yetu tunajua uzito wa mambo haya. Lakini tuangalie vizuri: ono halikumtoa Apolo gerezani usiku ule. Minyororo ilibaki. Ono halikumpa cheo wala mali, wala halikumwambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko wengine. Ono lilimpa kitu kimoja tu, nguvu ya kurudi mahali alipopigwa. Hiki ndicho kipimo. Mtu akisema ameona, tumwulize: ono lako limekutuma wapi?

Baadaye serikali iliona hana hatia, akafunguliwa. Rafiki zake wa Toro wangefurahi abaki kwao. Toro palikuwa na mfalme Mkristo, Daudi Kasagama, aliyebatizwa mwaka 1896. Palikuwa na makanisa, palikuwa na wenzake Waganda. Lakini Apolo aliinama, akachukua mzigo wake, akaelekea Semliki tena. Akarudi Boga.

Tabaro alishangaa. Alikuwa amempiga mtu huyu, amechoma nyumba yake, amemtia minyororoni. Na sasa mtu huyu anarudi bila askari na bila kudai malipo. Sultani akaanza kuuliza, kisha akaanza kusikiliza. Mwishoni yeye mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Hata leo watu wa Boga wanakumbuka kwamba Kanisa lao lilisimama pale adui wawili walipokaa chini ya dari moja, na kati yao kaburi la dada.

5. Pasta

Kanisa lilimwita Apolo kurudi Toro. Katika Desemba 1900 aliwekewa mikono kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi, kwa mikono ya askofu Alfred Tucker. Miaka mingi alizunguka Toro kwa miguu, akijenga makanisa ya majani na kufundisha walimu wengine. Aliwapokea watoto nyumbani kwake, akawalea na kuwafundisha kusoma; mtu asiye na mtoto wake akawa baba wa wengi.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawanya inchi kwa kalamu. Kufuatana na mapatano ya Waingereza na Wabelji ya mwaka 1910, mpaka mpya uliwekwa, na kazi ya kuupima ilipokwisha, mwaka 1915, Boga ilionekana iko upande wa Kongo ya Wabelji. Wakristo wa Boga waliingiwa na hofu. Askofu wao alikuwa ngambo moja, serikali yao ngambo nyingine. Tena Wabelji walipenda misioni za kikatoliki na waliwatazama Waanglikana kama watu wa Waingereza. Familia nyingine ziliuvuka mto kurudi Uganda.

Apolo alikuwa amekwisha kupita miaka 50. Mvi zilikuwa zimeanza. Angeweza kukaa Toro akiheshimiwa. Lakini kondoo wa Boga walikuwa hawana mchungaji, basi akarudi kwao mara nyingine, na safari hii hakuondoka tena isipokuwa kwa ziara. Mpaka wa wazungu haukuwa mpaka wa Injili. Mwaka 1922 Kanisa la Uganda lilimpa cheo cha kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe, huko Kampala. Cheo alikipokea, lakini nyumba yake ilibaki Boga, na jembe lake lilibaki nyuma ya mlango.

6. Watu wa msitu

Magharibi ya Boga msitu unaanza. Humo wanakaa Bambuti, watu wafupi wawindaji, ambao wenye vijiji waliwadharau na kuwahesabu kama mali yao. Wengi waliwaogopa pia, sababu ya mishale yao. Karibu na mwaka 1921 Apolo aliona tena wito wa kwenda kwao. Alisema Kristo mwenyewe alimwelekeza msituni.

Alikwenda kidogo kidogo, kwa uvumilivu. Mbuti haitwi kwa ngoma ili aje kanisani. Anahama na nyama yake na asali yake. Yeye aliwafuata katika kambi zao, akakaa nao chini, akajifunza maneno yao. Alianza kuitia Injili ya Marko katika lugha yao, kazi iliyohitaji masikio mazuri kuliko shule kubwa. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake baadhi yao walibatizwa.

Kwetu leo hili linaweza kuonekana jambo dogo. Lakini tukumbuke ni mambo gani yalisemwa juu ya Bambuti siku zile, na kwa aibu tukiri ni mambo gani yanasemwa hata sasa. Apolo, Mganda, mgeni katika inchi ya Wahema, alimpita mwenye kijiji akaenda kwa yule aliyehesabiwa kuwa si mtu, akamwita ndugu.

7. Kufa kwake

Mwanzoni mwa mwaka 1933 nguvu zilimwishia. Ugonjwa wa moyo ulimshika. Akiwa upande wa Uganda alishauriwa kupumzika huko, karibu na waganga. Hakutaka. Aliomba arudishwe Boga apate kufa kati ya watu wake. Akarudi kwa mara ya mwisho, na tarehe 30 Mei 1933 akalala katika Bwana.

Aliacha agizo moja. Desturi ya Kanisa lake ilikuwa kumzika Mkristo akielekezwa mashariki. Apolo aliomba alazwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, upande wa Kongo yote ambayo haijasikia bado. Hata katika kaburi alitaka kuonyesha njia. Wakamtii.

8. Baada yake

Wapendwa, wengine walidhani Kanisa la Boga litakufa pamoja na mzee wake. Kwa miaka mingi lilibaki kanisa dogo, mbali na askofu wake, likitunzwa na wachungaji na makatekista wenyeji waliofundishwa na Apolo au na wanafunzi wake. Lakini watu wa Boga walihama kwa biashara, kwa masomo na kwa kazi, na popote walipokaa waliomba na kukusanyika. Hivi ndivyo ushirika ulivyoanza Bunia, na kisha katika miji mingine. Mara nyingi hakuna misionari aliyewatuma. Walibeba kitabu chao cha sala katika mzigo, sawa mzee alivyobeba jembe.

Mwaka 1972 dayosisi ya Boga-Zaïre ilianzishwa, na Philip Ridsdale akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1976 Bukavu ikawa dayosisi chini ya Bezaleri Ndahura, askofu wa kwanza mwenyeji. Kisha Kisangani, kisha Shaba. Mwaka 1992 Kanisa la inchi yetu likawa provinsi yenyewe, bila kuwa tena katika provinsi moja na Burundi na Rwanda, na askofu mkuu wake wa kwanza akawa Patrice Njojo Byankya, askofu wa Boga. Mwaka 1996 ilitimia miaka 100 tangu Apolo avuke Semliki. Kichwa kilicholazwa kuelekea magharibi kilikuwa kimesema kweli.

Lakini hatuwezi kumaliza kwa nyimbo tu. Ituri imelia sana. Vita vilivyoanza mwaka 1999 viliwagawanya Wahema na Walendu, majirani waliokaa pamoja tangu mababu, na maelfu waliuawa. Na mwaka 2021, usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei, siku ileile Kanisa linapomkumbuka Apolo ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, wauaji waliingia Boga na Tchabi, wakaua watu makumi kwa makumi. Siku chache baadaye hospitali ya Boga nayo ilishambuliwa na kuchomwa. Watu walikimbia na watoto mgongoni, wakiacha mashamba na kaburi la mzee wao.

9. Tujifunze nini?

Kwanza, tujifunze jembe. Mtumishi asiwe mzigo juu ya maskini. Pasta anayekula jasho lake anaweza kusema kweli mbele ya sultani.

Pili, tujifunze juu ya maono. Apolo aliona, lakini hakuuza alichoona. Ono lake lilijulikana kwa miguu yake.

Tatu, tujifunze kutodharau mtu yeyote, si Mbuti, si mgeni, si mtu wa kabila lingine.

Nne, na hili ndilo gumu, tujifunze kurudi. Watu wengi wanaweza kwenda mahali mara moja. Kurudi kwa mtu aliyekupiga, bila kisasi, hiyo ni kazi nyingine. Katika Ituri ya leo wako wengi wenye fimbo mgongoni na dada kaburini. Wako wanaosema hawatavuka tena mto kumtazama jirani yao. Hatuwahukumu, maana uchungu wao ni wa kweli. Tunawaomba tu wakumbuke kwamba kati ya Apolo na Tabaro pia palikuwa na moto, fimbo na maiti, na bado wawili hao walikaa pamoja wakaimba. Kama yule aliyepigwa asingerudi, Paulo Tabaro asingezaliwa.

Tuwaombee ndugu zetu wa Boga, waliobaki na waliokimbia, wapate kurudi kwao kwa amani na kulima tena. Na Bwana aliyemtokea mfungwa katika minyororo awe pamoja nanyi nyote. Amina.